Chicago hadi Pasifiki kwa treni: Zephyr, Chief au Builder?

Marekani haina treni moja itokayo Atlantiki hadi Pasifiki. Anayetaka kuvuka nchi hiyo kwa reli huikata safari vipande viwili, na mahali pa kukatia mara nyingi ni Chicago. Kutoka New York, Lake Shore Limited hutembea usiku kucha kilomita 1,543 na kuingia Chicago asubuhi. Mchana wa siku hiyohiyo, ndani ya saa moja na dakika chache, treni tatu za Amtrak, kampuni ya treni za abiria za Marekani, huondoka Union Station zikielekea magharibi. California Zephyr huenda Emeryville, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco. Southwest Chief huenda Los Angeles. Empire Builder huenda Seattle, na kipande chake kingine huenda Portland.

Hapo ndipo watu hukwama, maana kwenye karatasi zinafanana mno. Kila moja huondoka kila siku, hulala njiani usiku mbili, hutumia mabehewa yaleyale ya ghorofa yaitwayo Superliner, na nauli zake hupanda na kushuka kwa mtindo uleule. (Iko pia Sunset Limited ya New Orleans hadi Los Angeles, lakini hutembea mara tatu tu kwa wiki. Tumeiacha kando.)

| | Zephyr | Chief | Builder |
|---|---|---|---|
| Inakoishia | Emeryville | Los Angeles | Seattle au Portland |
| Urefu | km 3,924 | km 3,645 | km 3,550 (Portland km 3,632) |
| Muda kwa ratiba | saa 52 | saa 43 | saa 46 |
| Kuondoka Chicago | saa 8:00 mchana | saa 8:50 mchana | saa 9:05 alasiri |
| Kufika, siku ya tatu | saa 10 jioni | saa 2 asubuhi | saa 5 na nusu asubuhi |

Kwa aliyezoea TAZARA: Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860. Zephyr ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Tiketi itaandika 2:00 PM pale tulipoandika saa 8 mchana, na anayechanganya mbili hizi hukosea kwa saa sita kamili. Muda wa kufika ni wa saa za Pasifiki, zilizo nyuma ya Chicago kwa saa mbili. Ratiba hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo dakika za mwisho zithibitishe kwenye tiketi yako.

## Tunapimia nini

Kigezo kinachozitenganisha kweli treni hizi ni mwanga. Safari ya siku mbili na ushee hupita sehemu kubwa ya nchi gizani, na hakuna kiasi cha fedha kitakachokurudishia mlima uliopita nao umelala. Swali la kwanza basi ni hili: jua likiwa juu, treni iko wapi?

La pili ni kuchelewa, kwa sababu treni hizi huchelewa, na saa tatu za kuchelewa hazina uzito sawa kila mahali. Kwenye njia moja zinakunyang'anya milima, kwenye nyingine zinakuongezea.

La tatu ni unakofikia na jinsi ya kuendelea kutoka hapo. La nne ni msimu na upande unaoelekea. Malazi na chakula havitofautishi chochote hapa, lakini ndivyo vinavyoamua kama utafurahia au utahesabu saa, kwa hiyo tuvimalize kwanza.

## Yaliyo sawa kwa zote tatu

Kiti. Viti vya kawaida viko viwili kila upande, vipana, vinalala nyuma sana na vina egemeo la miguu. Soketi ya umeme ipo. Blanketi na mto hakuna, na usiku kiyoyozi hupuliza bila huruma hata Julai: shuka nzito au blanketi jepesi ni lazima, na kanga mbili zitakufaa kuliko koti. Abiria wa viti hawana bafu la kuogea. Ukipanda, kondakta atabandika kikaratasi juu ya kiti chako chenye alama ya unakoshukia: EMY, LAX, SEA au PDX. Ukihama kiti, hama na kikaratasi chako. Kile ndicho mhudumu anachokisoma saa 9 usiku ili ajue nani wa kuamshwa.

Chumba kidogo. Hiki ndicho wengi hununua. Ni kama mita 1.07 kwa 1.98, viti viwili vinavyotazamana na dirisha kubwa katikati. Usiku mhudumu huvuta viti vyote viwili mbele, migongo inalala, vinakutana na kuwa kitanda cha sentimita 71 kwa 198. Cha juu hushushwa kutoka darini. Upana wake ni sentimita 61, hakina dirisha, na kina mikanda ya kunasa juu ili usianguke treni ikiyumba. Vitanda vyote viwili vikishuka, nafasi iliyobaki sakafuni ni ya mtu mmoja kusimama. Begi kubwa haliingii. Liache kwenye rafu ya chini karibu na mlango wa behewa. Choo na bafu ni vya pamoja, bafu likiwa ghorofa ya chini. Wanaotaka choo na bafu ndani hununua chumba kikubwa, na bei yake hushtua.

Anayesumbuliwa na kichefuchefu aombe chumba cha ghorofa ya chini, ambako mayumbo hupungua. Familia ya wazazi wawili na watoto wawili ina chumba chake hukohuko chini, kinachochukua upana mzima wa behewa, ila hakina choo.

Chakula. Mwenye chumba amelipiwa milo yote katika behewa la chakula. Mhudumu hupita kuandika saa za kula, kisha meza ya wanne hujazwa hata kwa watu wasiojuana. Usishangae kuketishwa na wageni. Bahashishi huachwa mezani ingawa chakula kimelipiwa. Abiria wa viti mara nyingi hutegemea duka la vinywaji na vitafunio lililo chini ya behewa la mandhari (lile la madirisha makubwa ya kutazamia nje), na kwa siku mbili duka hilo huchosha tumbo na mfuko. Kuingia na chakula chako ni ruhusa, lakini wahudumu hawakipashi moto. Beba kisichohitaji moto na kisichochacha: chapati, mahamri, mayai ya kuchemsha ya siku ya kwanza, karanga, matunda. Biriani la nyumbani liishie chakula cha jioni cha kwanza. Anayekula halali asitegemee nyama ya humo. Mara nyingi kuna samaki na chakula kisicho na nyama.

Mizigo. Mabegi mawili hadi kilo 23 kila moja hupokelewa bure, uyakabidhi angalau dakika 45 kabla ya kuondoka. Kagua kwanza kama stesheni unayoshukia inapokea mizigo, maana vituo vingi vidogo havina huduma hiyo.

Nauli. Tiketi hufunguliwa miezi 11 kabla, na kila vyumba vinavyopungua ndivyo bei inavyopanda. Kiti mara nyingi huanzia dola mia na kitu. Chumba kidogo hugharimu mamia kadhaa, na kiangazi hupita elfu bila taabu. Chumba huuzwa kama chumba, kwa hiyo wawili wakigawana, kila mmoja hulipa kidogo kuliko angelipa peke yake. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 hulipa nusu ya nauli ya kiti. Tiketi ya moja kwa moja haikuruhusu kushuka Denver siku mbili kisha uendelee. Nunua vipande viwili. Mwenye mpango wa kushukashuka aangalie pasi ya vipande 10 ndani ya siku 30, ambayo bei yake ya kawaida imekuwa dola 499, kwa viti tu.

Kwa nini zinachelewa. Sehemu kubwa ya reli hizi ni mali ya kampuni za mizigo. Sheria tangu 1973 inasema treni ya abiria ipewe njia, lakini sheria haiwezi kurefusha reli ya kupishana. Treni ya mizigo ya kilomita tatu haiingii kwenye kipishano cha kilomita mbili, basi anayekaa pembeni kungoja ni yule mfupi, yaani wewe. Ukishachelewa unapoteza zamu yako, na kila mbele ya safari unamkuta mwingine ameshika njia. Kuna na saa za kazi: wafanyakazi wanaoiendesha treni hawaruhusiwi kupita saa 12, na zikiisha kabla ya kufikia wenzao wa zamu, treni husimama hapohapo porini hadi wabadilishaji waletwe kwa gari. Joto kali nalo hulazimisha mwendo upunguzwe, kwa kuwa chuma cha reli hutanuka na kupinda.

Kinga ni mbili. Treni za kuunganisha, kwa mfano ile ya New York na hii ya magharibi, zinunue katika tiketi moja: ukikosa ya pili kwa kosa la ya kwanza, Amtrak ndiyo itakayokutafutia njia nyingine. Na usikate tiketi ya ndege ya siku ileile ya kufika. Lala usiku mmoja.

## California Zephyr

Mwanga. Hii ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote kwa anayetaka milima. Usiku wa kwanza unaumaliza Iowa na Nebraska, ambako mahindi hayana kinyongo ukiyapita umelala. Denver inafikiwa mnamo saa 1 asubuhi, na mnamo saa 2 treni inaanza kupanda ukuta wa milima ya Rocky kwa mizunguko mirefu, handaki baada ya handaki, hadi Moffat. Handaki hilo lilifunguliwa 1928, lina urefu wa kilomita 10 hivi, na sehemu yake ya juu, futi 9,239 (mita 2,816), ndiyo kilele cha mtandao mzima wa Amtrak. Ni juu kidogo ya Timboroa, kile kituo cha njia ya Nakuru na Eldoret kilicho futi 9,001. Mkiwa ndani mtaombwa msifungue milango kati ya mabehewa, ili moshi wa dizeli usiingie. Baadhi ya watu huumwa kichwa kwa kimo hicho. Kunywa maji tangu Denver.

Baada ya hapo treni inashikana na mto Colorado na kuufuata zaidi ya kilomita 300. Gore Canyon haina barabara, ni reli na maji tu. Glenwood Canyon huja mnamo saa 8 mchana, mto ukiwa kulia kwa anayekwenda magharibi. Ruby Canyon, yenye kuta nyekundu mpakani mwa Utah, huja jioni na mto umehamia kushoto. Wapiga makasia wa mto huu wana mila ya kuipigia treni saluti kwa kushusha kaptula, kwa hiyo ukisafiri na bibi mwambie mapema.

Usiku wa pili unapita majangwa ya Utah na Nevada. Asubuhi ya siku ya tatu ni Reno, kisha Sierra Nevada, kwa njia ambayo vibarua wa Kichina waliichonga miaka ya 1860 kabla reli za mashariki na magharibi hazijakutana Promontory mwaka 1869. Ziwa Donner linaonekana chini, kulia.

Ikichelewa. Ina akiba. Kiangazi, hata ikitoka Denver saa nne nyuma, sehemu kubwa ya Colorado utaiona. Unachopoteza ni Ruby Canyon. Desemba hesabu ni nyingine, maana jua huzama kabla ya saa 11 jioni na kuchelewa huko kutakula kila kitu kuanzia Glenwood. Hatari yake mahususi ni njia ya Moffat kufungwa kwa matengenezo: treni huzungushwa Wyoming, ambako ni nyika tupu, na aliyenunua tiketi kwa ajili ya milima huumia. Matengenezo mara nyingi hutangazwa mapema, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Inakoishia. Hakuna treni ya masafa marefu inayoingia San Francisco. Basi la Amtrak huvusha abiria kutoka Emeryville. Andika San Francisco kama mwisho wa safari unapokata tiketi ili basi liwemo. Mwenye mzigo mdogo anaweza kushuka Richmond, kituo kimoja kabla, na kuingia treni ya mjini ya BART palepale.

Jamaa wanaowatembelea ndugu Salt Lake City, mji wenye Wakongo wengi, wajue kwamba Zephyr huupita usiku pande zote mbili: karibu saa 5 usiku ikienda magharibi, karibu saa 9 usiku ikirudi. Panga wa kukupokea.

Inamfaa anayefanya safari hii mara moja na anataka milima miwili mikubwa kwa mchana, na ambaye saa 52 hazimtishi. Haimfai asiyeweza kukaa kitini usiku mbili na hana bajeti ya chumba. Zile saa tisa zaidi ya Chief zinahisiwa mgongoni.

## Southwest Chief

Mwanga. Usiku wa kwanza ni Missouri na Kansas. Asubuhi, mnamo saa 2, ni La Junta, Colorado, na kabla ya saa sita mchana treni inapanda Raton Pass, mita 2,313, kisha kuingia New Mexico. Hapo ndipo penye utamu wake: Glorieta, miamba inayosogea karibu na dirisha, nyumba za udongo, mbingu kubwa. Ni mandhari ya upana, ya rangi na ukavu, wala hayamezi mtu kama korongo za Colorado. Albuquerque treni hukaa muda wa kutosha alasiri, inajazwa mafuta, na Wenyeji wa Asili huuza vito vya fedha na feruzi kando ya jukwaa. Jioni, kuelekea Gallup, majabali mekundu hupata jua la ubavuni.

Sasa tusahihishe kosa linalogharimu watu wengi. Chief haipiti Grand Canyon. Inafika Flagstaff karibu saa 3 usiku, na korongo lenyewe liko kama kilomita 130 kutoka hapo. Anayelitaka ashuke, alale, achukue basi au gari asubuhi, na aendelee usiku mwingine kwa tiketi ya pili.

Ikichelewa. Hapa kuna kichekesho. Kwa ratiba, Cajon Pass, ule mteremko wa kuingilia bonde la Los Angeles, hupitwa alfajiri gizani. Ikichelewa saa mbili tatu, unaushuka kwa jua. Raton nayo ina akiba ya mchana mzima. Kinachoumia ni upande wa Gallup, na aliyeahidi kuwa kazini Los Angeles asubuhi.

Arizona haibadilishi saa wakati wa kiangazi, isipokuwa eneo la Wanavajo. Simu yako itaruka mbele na nyuma usiku huo. Amini ratiba na tangazo la kondakta.

Inakoishia. Union Station ya Los Angeles ni rahisi kuliko vituo vya mwisho vya wenzake: reli ya chini ya ardhi, treni za San Diego na basi la uwanja wa ndege viko hapohapo.

Inamfaa mwenye muda mfupi, mwenye watoto, na anayejaribu kwa mara ya kwanza akihofia kuchoka. Ndiyo ya haraka zaidi, mahali pengine ikifika kilomita 145 kwa saa. Majira ya baridi pia haina hofu kubwa ya theluji kama hizo nyingine.

## Empire Builder

Mwanga. Hii inahitaji kalenda kuliko nyingine yoyote. Siku ya kwanza inaisha vizuri: baada ya La Crosse reli inapanda kando ya Mississippi, mto ukiwa kulia, na kiangazi mwanga unatosha. Siku ya pili ni North Dakota na Montana, nyasi kutoka asubuhi hadi alasiri. Wako wanaoipenda nyika hiyo. Wengine wataitafuta simu, na mtandao hautakuwepo.

Zawadi yake ni Glacier, hifadhi ya milima ambayo reli huambaa kusini yake kuanzia karibu saa 1 jioni hadi saa 3 usiku. Kaa kulia. Juni jua la huko huzama baada ya saa 3 usiku, unaona kila kitu. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mapema Machi utapita gizani, na mtu atakuwa amelipa nauli ili atazame uso wake kwenye kioo.

Dawa ni kugeuza upande. Ikitoka Seattle au Portland jioni, treni hiyohiyo huingia Glacier asubuhi ya siku ya pili, na hapo hata majira ya baridi una mwanga. Kama hulazimiki kuanzia Chicago, ifanye njia ya kurudi.

Mgawanyiko wa Spokane. Usiku wa manane, mnamo saa 8, treni hukatwa mbili. Behewa la chakula huenda Seattle, behewa la mandhari huenda Portland. Wa Seattle wanapata kifungua kinywa cha moto, handaki la Cascade lililofunguliwa 1929 lenye kilomita 12.5, kisha bahari upande wa kulia kati ya Everett na Seattle. Wa Portland wanapata boksi la chakula baridi na mto Columbia upande wa kushoto, kwa madirisha makubwa. Ukiwa na tiketi ya kiti, hakikisha uko behewa la mji wako kabla ya kusinzia. Aliyelala kwa rafiki aliyemzoea njiani anaweza kuamkia mji mwingine.

Ikichelewa. Kwenda magharibi haina akiba hata kidogo. Saa tatu nyuma, na Glacier imekwenda. Maporomoko ya theluji karibu na Marias Pass na baridi kali ya Dakota huisumbua majira ya baridi. Mvua nyingi huangusha udongo kwenye reli ya ufukweni kaskazini mwa Seattle. Likitokea, treni za abiria huzuiwa saa 48 hapo na watu humalizia kwa basi.

Karatasi. Njia hii huenda karibu na mpaka wa Kanada, na maafisa wa mpakani wamekuwa wakipanda treni kukagua, Havre pakiwa mahali pamoja panapojulikana. Asiye raia abebe kadi yake halisi ya ukaazi au pasipoti yenye viza. Picha ya kwenye simu isikutoshe.

Inamfaa anayetaka kushuka Glacier na kutembea milimani, anayeishi St. Paul au Minneapolis (hao hupandia St. Paul usiku, na huwa wameruka sehemu ya Mississippi), na anayeendelea Vancouver ya Kanada.

## Kwa hali yako

Una wiki moja tu ya likizo, kiangazi, na hutarajii kurudia: Zephyr, kuelekea magharibi, kwa chumba kidogo kama mko wawili. Mkikosa fedha ya chumba kwa safari nzima, lipieni kiti hadi Denver, laleni hotelini, kisha nunueni chumba kuanzia Denver. Usiku unabaki mmoja, na milima yote iko upande huo.

Unasafiri Desemba: Chief. Siku ni fupi, lakini Raton na Glorieta hupitwa katikati ya mchana, na theluji haifungi njia kirahisi.

Una watoto wadogo: Chief tena, kwa sababu ya saa chache na kile kituo kirefu cha Albuquerque cha kunyoosha miguu. Chumba cha familia kikiwa kimeisha, vyumba vidogo viwili vinavyotazamana ukumbini huwa na nafasi zaidi kuliko kimoja kikubwa; linganisha bei.

Mfuko ni mdogo na utakaa kitini: chagua kwa saa, yaani Chief au Builder, na ondoka katikati ya wiki. Behewa la mandhari ni la wote bila malipo ya ziada, lakini viti vyake havina majina. Kwa Zephyr, ingia humo kabla treni haijaondoka Denver. Ukingoja handaki la kwanza, umechelewa.

Una harusi au mazishi ya kuwahi: panda ndege.

Na kama unakwenda na kurudi, usirudie njia moja. Tiketi ya kurudi haina punguzo la kukufunga, kwa hiyo nenda na Zephyr, panda treni iitwayo Coast Starlight usiku kutoka Emeryville hadi kaskazini, ulale usiku mmoja Seattle, kisha ushike Builder jioni ya kesho yake. Hapo Rocky ya Colorado umeiona mchana, na Glacier utaikuta asubuhi, ikiwa kushoto kwako sasa, maana umegeuka.